Kijana Hajitafuti: Namna ya Kuisoma Riwaya ya Makuzi

Muulize mwanafunzi wa fasihi riwaya yoyote ya ujana inahusu nini, na jibu litakalotangulia ni hili: mhusika mkuu anajitafuta. Si jibu baya, na mwalimu hatalikata kwa kalamu nyekundu. Ubaya wake ni kwamba unaweza kulibandika kwenye riwaya yoyote yenye mtu wa miaka 16 ndani yake na likakaa, bila kukuambia lolote kuhusu riwaya hiyo hasa. Tena limebeba imani ambayo haijasemwa: kwamba nafsi ya kweli ya kijana iko tayari mahali fulani, imekamilika, imefunikwa tu na wazazi, shule na woga, na kazi ya hadithi ni kuifukua.

Ninavyozisoma mimi, riwaya nzuri za makuzi, yaani zile zinazomfuata kijana anapokua kuwa mtu mzima, huenda kinyume na imani hiyo. Kijana hajitafuti. Anatafuta kitu kingine kabisa, kitu chenye jina: baba, ada ya shule, mapenzi ya mtu fulani, ruhusa ya kutoka nyumbani. Nafsi yake inajengeka pembeni, macho yake yakiwa kwingine, kutokana na anachokikubali, anachokikana na anachokipoteza njiani.

Chukua wahusika watatu waliotoka mbali na mbali. Kongowea Mswahili, msimulizi wa Siku Njema ya Ken Walibora (1996), anataka kumwona baba asiyemjua. Mama yake, Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu, ameshafariki, na kijana anaiacha Tanga na kuvuka mpaka kuingia Kenya kumfuata huyo baba. Tambudzai, katika Nervous Conditions ya Tsitsi Dangarembga (1988), anataka kusoma. Nyumbani kwao pesa ya kumsomesha yeye haipatikani, ya kaka yake inapatikana, basi analima mahindi yake mwenyewe ili ajilipie. Pip wa Charles Dickens, katika Great Expectations (1860 hadi 1861), anataka kuwa bwana wa tabaka la juu ili Estella, msichana aliyemcheka, asimcheke tena. Wasimamishe njiani uwaulize wanafanya nini. Hakuna hata mmoja atakayekujibu kwamba anaitafuta nafsi yake. Wana haraka, wana jambo la kufanya.

Jambo hilo ndilo linalowafinyanga, na mara nyingi linawafinyanga kwa kuwageuka. Pip anapata utajiri na kuamini umetoka kwa bibi mmoja mwenye mali, Miss Havisham, ambaye bila shaka anamwandaa awe mume wa Estella. Miaka inapita kabla hajajua kwamba fedha yote ilitoka kwa Magwitch, mfungwa mtoro ambaye Pip, akiwa mtoto mdogo, alimwibia nyumbani chakula na tupa ya kukatia pingu. Ubwana wake wote umesimama juu ya jasho la mtu ambaye ubwana huohuo umemfundisha kumdharau. Tambudzai naye anaipata shule, lakini anaipata kwa sababu ya msiba: kaka yake Nhamo amekufa, na nafasi yake ya kusoma chini ya ulezi wa baba yao mkubwa imebaki wazi. Riwaya inafunguka kwa Tambudzai kutuambia kwamba kifo hicho hakikumsikitisha. Kauli hiyo moja inatueleza zaidi yeye ni nani kuliko kurasa kumi za kijana anayejitazama kwenye kioo na kujiuliza maswali makubwa.

Kwa hiyo unaposoma, anza na swali la chini kabisa: huyu anataka nini? Kisha lifuate: anachokitaka kinamfanyia nini? Swali la yeye ni nani litajijibu lenyewe huko mbele, likijibika.

Tanzu na wakati wake

Wahakiki huihesabu riwaya ya makuzi kuanzia Wilhelm Meisters Lehrjahre ya Goethe, iliyotoka mwaka 1795 na 1796, kuhusu mtoto wa mfanyabiashara anayetamani maisha ya jukwaani kuliko daftari la hesabu. Jina la Kijerumani la aina hii ya riwaya, Bildungsroman, lilibuniwa na Karl Morgenstern, profesa aliyefundisha katika mji wa Dorpat, ambao leo ni Tartu nchini Estonia, mwanzoni mwa karne ya 19. Aliyelieneza baadaye ni mwanafalsafa Wilhelm Dilthey.

Kwa nini ilizuka wakati huo? Vijana walikuwepo siku zote, na hadithi za mtoto anayetoka nyumbani akarudi mtu mzima ni za kale kuliko maandishi. Lakini pale ambapo mtoto wa mhunzi atakuwa mhunzi, na pale ambapo jamii nzima inaijua siku ambayo mtoto anaacha kuwa mtoto na inamtangaza hivyo mbele za watu, utambulisho si kitendawili. Unakabidhiwa. Kitendawili kinaanza pale kazi ya baba inapokoma kuwa kazi ya mwana: viwanda vinapovuta watu mjini, shule inapomfundisha mtoto lugha ambayo wazazi wake hawaijui, tabaka linapokuwa kitu cha kupandwa au kuporomoka. Franco Moretti, mhakiki Mwitaliano, alieleza katika kitabu kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1987 kwamba ujana ulifanywa sura ya usasa kwa sababu vyote viwili havitulii na vyote viwili huishi kwa kuitazama kesho.

Hiyo ndiyo sababu riwaya hizi zilishamiri Ulaya ya karne ya 19, na ndiyo sababu zilishamiri tena katika Afrika ya katikati ya karne ya 20, ambako pengo kati ya mzazi na mtoto aliyepelekwa shule lilifunguka ndani ya kizazi kimoja. Camara Laye, katika L'Enfant noir (1953), anamchukua mtoto wa mhunzi wa Kouroussa, Guinea, na kumweka kwenye njia inayomtoa karakana ya baba yake hadi Conakry, na mwisho Ufaransa. Baba anajua siri za moto na dhahabu. Mtoto anaondoka kabla siri hizo hazijamfikia. Hakuna mwenye hatia hapo, na pengo liko palepale.

Wanasaikolojia wanatusaidia mpaka wapi?

Mtu aliyelifanya suala la utambulisho kuwa la ujana hasa ni Erik Erikson, na maisha yake mwenyewe yangetosha kuwa riwaya. Alizaliwa Frankfurt mwaka 1902. Hakuwahi kumjua baba aliyemzaa, akalelewa na baba wa kambo na kutumia jina lake, Homburger. Sinagogini watoto wenzake walimtania kwa kimo chake na nywele zake za manjano. Shuleni wakamtania kwa Uyahudi wake. Alipochukua uraia wa Marekani mwaka 1939 alijipa jina Erikson, yaani mwana wa Erik. Asiyekuwa na baba akajizaa mwenyewe.

Katika Childhood and Society (1950) aliyagawa maisha ya mtu katika hatua nane. Hatua ya tano, ya ujana, aliiona kuwa mvutano kati ya kupata utambulisho na kuchanganyikiwa kuhusu nafasi yako duniani. Mwaka 1968 aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo. Katika mawazo yake, linalomfaa zaidi msomaji wa riwaya ni lile la muda wa ahueni: kipindi ambacho jamii humwachia kijana ajaribu imani hii na ile, kazi hii na ile, marafiki hawa na wale, bila kumdai msimamo wa kudumu. Likumbuke wazo hilo, maana baadaye tutaona kwamba si kila kijana hupewa muda huo.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia James Marcia aliligeuza wazo la Erikson kuwa kitu kinachoweza kupimwa kwa mahojiano. Aliuliza mambo mawili. Je, kijana amewahi kuhoji na kuzipima njia tofauti? Na je, ameshika msimamo? Majibu yanazaa hali nne: yupo asiyehoji wala kushika chochote, yupo aliyeshika bila kuhoji, akiyapokea ya wazazi kama yalivyo, yupo aliye katikati ya kuhoji na bado hajashika, na yupo aliyehoji, kisha akashika.

Ni chombo kizuri cha kuanzia. Nyasha, binamu yake Tambudzai, aliyeishi utotoni Uingereza kwa miaka kadhaa kisha akarudishwa Rhodesia (leo Zimbabwe), yumo kwenye hali ya tatu bila ubishi: anamhoji baba yake, anahoji vitabu, anahoji hata chakula mezani. Tambudzai mwenyewe anaanzia hali ya pili. Babamukuru, baba yake mkubwa, ni kwake mtu asiyekosea. Halafu Babamukuru anaamua kwamba wazazi wa Tambudzai, ambao wameishi pamoja na kuzaa watoto, wafungishwe ndoa ya kanisani ili kuitakasa familia. Tambudzai anaona hiyo ni dhihaka kwa wazazi wake, ila hana maneno ya kusema hivyo. Asubuhi ya harusi anashindwa kuinuka kitandani. Mwili umegoma kabla ya mdomo. Anaadhibiwa, na anaipokea adhabu karibu kwa furaha.

Hapo ndipo mizani ya Marcia inapoanza kuelemewa. Itakuambia kwamba msichana ameanza kuhoji. Haitakuambia kwamba alikataa kwa mgongo na miguu, wala kwamba alimkataa mtu anayemlipia ada, ambaye bado anampenda na kumhitaji. Mahojiano yanataka kijana anayejua anachokiamini. Riwaya inaanza kazi pale ambapo hajui, au anajua na hawezi kukitamka.

Wawili ndani ya "mimi" mmoja

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo moyo wa aina hii ya riwaya, na ambalo maswali ya mitihani hulipita kwa kasi: nani anasimulia?

Riwaya nyingi za makuzi husimuliwa kwa nafsi ya kwanza. Tunaambiwa "mimi nilifanya", "mimi nilienda", na tunadhani tunamsikia kijana. Hatumsikii. Anayesema ni mtu mzima aliyeyapitia hayo zamani na sasa ameketi kuyapanga. Ndani ya "mimi" mmoja wanaishi watu wawili: aliyetenda na anayekumbuka. Hawajui mambo yaleyale, hawapendi mambo yaleyale, na wakati mwingine hawaheshimiani.

Tazama siku Joe anapomtembelea Pip mjini London. Joe ni mhunzi, mume wa dada yake Pip, mtu aliyemlea kwa upole kuliko dada mwenyewe. Sasa anakuja akiwa amevaa nguo za kubana, hajui aiweke wapi kofia yake, na kofia inaanguka kila mara. Pip kijana anaungua kwa aibu. Pip mzima, anayesimulia, anatuambia bila kujipamba kwamba kama angeweza kulipa fedha ili Joe asije, angelipa. Kijana asingeweza kusema hivyo. Angetafuta sababu, angesema ana kazi, angemlaumu Joe. Anayeweza kuitamka aibu ile kwa jina lake ni yule ambaye imeshamgeukia kuwa aibu ya namna nyingine: haoni haya tena kwa ajili ya Joe, anaona haya kwa ajili yake mwenyewe.

Umbali kati ya aibu hizi mbili ndio makuzi yenyewe. Hauhitaji mhusika atangaze kwamba amebadilika. Unausikia kwenye sauti. Kila palipoandikwa "wakati ule niliamini", "sikujua bado", "ningalijua", yule mkubwa amechungulia. Na pale anapotoweka kabisa, ukurasa mzima ukasimuliwa kana kwamba mambo yanatokea sasa, jiulize kwa nini amejificha. Mara nyingi ni kwa sababu jeraha hilo bado halijapona, au kwa sababu bado anajidanganya.

Saikolojia ya karibuni zaidi imefika mlango huohuo kwa njia nyingine. Dan McAdams amejenga hoja kwa miaka mingi kwamba utambulisho wa mtu mzima ni hadithi anayojisimulia kuhusu maisha yake, inayounganisha alikotoka na anakokwenda. Mwaka 2000 Tilmann Habermas na Susan Bluck walieleza kwamba uwezo wa kuyaunganisha matukio ya maisha kuwa hadithi moja yenye sababu na mwelekeo hukomaa katika ujana. Mtoto wa miaka saba anaweza kukusimulia vizuri siku aliyoumwa na mbwa. Kijana huanza kuweza kusema: tangu siku ile nikawa mtu wa kuogopa, na ndiyo maana niliikataa kazi fulani. Riwaya ya makuzi inafanya kwa ufundi kile ambacho kila mtu huanza kukifanya kwa kubabaisha katika umri huo.

Sasa liweke hilo kando ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), na utaona kwa nini riwaya hiyo inauma. Rosa anakulia chini ya Zakaria, baba mlevi anayewalinda binti zake kwa kipigo. Barua ya mvulana inamletea Rosa adhabu ya kuaibisha. Anajifunza kwamba wanaume ni hatari na kwamba mwili wake ni kesi inayosubiri hukumu. Anapokuwa mbali na nyumbani, chuoni, kamba inakatika na anaangukia upande wa pili kabisa. Mwisho anajiua. Kezilahabi anaisimulia hadithi hii kwa nafsi ya tatu, na sidhani kama ni jambo la bahati. Usimulizi wa nafsi ya kwanza wa kukumbuka una ahadi ndani yake: msimulizi alinusurika, vinginevyo asingekuwa hapa akisimulia. Rosa hakunusurika. Hakuna Rosa mwenye mvi wa kuturudisha nyuma na kusema "wakati ule niliamini". Kazi ya kuyaunganisha matukio, ya kusema hili lilizaliwa na lile, ameachiwa msomaji. Riwaya ilipigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania, na waliofanya hivyo walidhani hatari yake iko kwenye mapenzi. Mimi naona hatari yake, kwa mzazi anayeisoma kwa makini, iko kwa Zakaria.

Uongo, viatu na macho ya watu

Waandishi wana njia ndogondogo za kuonyesha nafsi inayojengeka bila kuitaja, na ile ninayoipenda kuliko zote ni uongo. Pip anaporudi nyumbani mara ya kwanza kutoka kwa Miss Havisham, dada yake anamhoji. Badala ya kueleza alichokiona, anabuni: bibi alikuwa ameketi ndani ya gari la farasi la mahameli nyeusi, na mbwa wanne wakubwa waligombania nyama ndani ya kikapu cha fedha. Kwa nini adanganye, ilhali ukweli wenyewe ulikuwa wa ajabu? Baadaye anamkiria Joe kwamba msichana mmoja amemwambia yeye ni mtu wa kawaida tu, na anatamani asingekuwa wa kawaida. Ule uongo ni rasimu ya kwanza ya Pip mpya. Anaijaribu mbele ya watu aone kama itakubalika.

Kilichomtia jeraha ni vitu vidogo: jina alilozoea kuiita karata mojawapo, mikono yenye sugu, viatu vizito. Hakuwa ameviona kabla ya Estella kuvitazama. Mwaka 1967 mwanasaikolojia David Elkind aliandika kwamba kijana wa umri huu huishi mbele ya hadhira ya kufikirika, akiamini kila jicho liko juu ya chunusi yake. Wazazi hulicheka jambo hili, na hukosea kulicheka, kwa sababu katika riwaya (na nje yake) hadhira hiyo si ya kufikirika yote. Estella alicheka kweli. Wapo wanaotazama, na wenye nguvu miongoni mwao ndio wanaoamua viatu gani ni vya aibu.

Jane Eyre wa Charlotte Brontë (1847) ana miaka 10 anapofungiwa katika chumba chekundu kwa kosa la kujitetea. Anajiona kwenye kioo na kuona kiumbe kidogo cha kutisha, kama mzuka. Ni kioo, lakini hakimwonyeshi nafsi yake ya kweli. Kinamwonyesha namna ile nyumba inavyomwona. Kuna vioo vingi mno katika riwaya za vijana, na vingi vimewekwa ili mwandishi apate nafasi ya kueleza rangi ya macho. Hiki kina kazi.

Nani anapewa muda wa kujaribu

Umbo la kale la tanzu hii lina dhana nyuma yake: kwamba kuna barabara, na kijana anaweza kutoka akaishika. Wilhelm Meister wa Goethe anazunguka na waigizaji. Pip anapanda gari kwenda London. Kongowea anavuka mpaka. Msichana je? Mwaka 1983 Elizabeth Abel, Marianne Hirsch na Elizabeth Langland walihariri mkusanyiko wa makala, The Voyage In, uliojenga hoja kwamba makuzi ya mhusika wa kike mara nyingi hufuata njia nyingine: huelekea ndani, huchelewa, au huanza baada ya ndoa, pale ambapo hadithi ya mvulana ingekuwa imeshaisha.

Katika riwaya ya Kiswahili hoja hiyo inapata makali zaidi. Maimuna, katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), analelewa ndani ya kuta. Baba yake, Maksuudi, mtu mwenye mali na cheo, anamzuia kuuona ulimwengu kwa jina la heshima, wakati heshima yake mwenyewe nje ya nyumba ni hadithi nyingine. Maimuna anatoroka. Anaingia mjini bila kujua lolote kuhusu watu wanaoishi humo, na mji unamlipisha. Mtu anaweza kuisoma riwaya hiyo kama onyo kwa wasichana watoro, na wapo wanaoisoma hivyo. Mimi naona haisomeki hivyo ikiwa utahesabu milango. Msichana alikuwa na njia mbili tu, kutii au kukimbia. Hakuwa na ile ya tatu ambayo Pip aliipewa bure: kwenda, kukosea, kuaibika, kurudi na kupokelewa.

Rudi sasa kwenye ule muda wa ahueni wa Erikson. Aliueleza kama kitu ambacho jamii humpa kijana. Rosa na Maimuna hawakupewa. Kosa la kwanza la mvulana ni somo, la msichana ni sifa yake ya kudumu. Unapowasoma wahusika hawa, usiwapime kwa swali la kama walijipata. Pima walipewa nafasi ngapi za kukosea kabla ya hukumu. Tofauti hiyo haiko kwa wasichana pekee: mtoto maskini, mtoto wa mkimbizi, kifungua mimba aliyefiwa na wazazi, wote hulazimishwa kuwa watu wazima bila kupewa muda wa kujaribu.

Nyasha anaonyesha mwisho wa njia hiyo. Ana vitabu, ana chumba, ana baba msomi mwenye mamlaka ya shule nzima. Ana kila kitu isipokuwa mahali ambapo neno lake linahesabika. Anaanza kukataa kula, na anachokila anakitapika. Wahakiki wameandika mengi juu ya ugonjwa wake, na ninaona maelezo rahisi yanatosha: mwili ndio ardhi pekee iliyobaki chini ya utawala wake, na anautawala kwa ukatili uleule aliotawaliwa nao.

Miisho isiyoisha

Mwisho wa riwaya ya makuzi ni mahali pagumu. Msomaji anadai kijana awe amefika. Maisha hayafiki. Dickens mwenyewe alijikwaa hapo. Katika mwisho wa kwanza alioandika, Pip na Estella wanakutana kwa muda mfupi barabarani, wanazungumza maneno machache, wanaachana. Rafiki yake, mwandishi Edward Bulwer-Lytton, alimshauri aubadilishe, na Dickens akaandika mwingine ambamo wanakutana kwenye magofu ya nyumba ya Miss Havisham na kuondoka wameshikana mikono. Ule wa kwanza ulijulikana baadaye kupitia wasifu wake ulioandikwa na John Forster. Wasomaji wamebishana tangu hapo upi ni sahihi.

Nadhani wanabishania ukurasa usiohusika. Swali la Pip ni mtu gani lilishajibiwa nyuma, mahakamani, Magwitch anaposomewa hukumu ya kifo na Pip amesimama kando ya kizimba, mbele ya umati, ameushika mkono wa mfungwa. Yule aliyetamani kulipa fedha ili mhunzi mwema asionekane naye, sasa anaonekana na mhalifu mbele ya London nzima na hautoi mkono wake. Estella angeweza kuja au asije.

Dangarembga alichagua njia ya uaminifu zaidi, na iliyomchukua muda mrefu zaidi. Mwishoni mwa Nervous Conditions, Tambudzai anasema kwamba aliyotusimulia ni jinsi mambo yalivyoanza tu, na kwamba kuhoji kwake kulichukua miaka. Msomaji wa 1988 angeweza kuliona hilo kama pambo la kufungia kitabu. Lakini mwandishi alirudi kwa mhusika yuleyule katika The Book of Not (2006), na tena katika This Mournable Body (2018), ambamo Tambudzai ni mwanamke wa makamo jijini Harare, msomi, asiye na kazi, mwenye kinyongo, bado anakimbiza heshima ileile aliyoilimia mahindi. Katika kitabu hicho cha tatu haitumii tena nafsi ya kwanza. Anasimuliwa kwa nafsi ya pili: wewe unaamka, wewe unajitazama, wewe unaona haya. Msichana aliyeweza kusema "mimi" kwa ukali katika sentensi ya kwanza ya kitabu cha kwanza amefika utu uzima na kuipoteza nafsi hiyo ya kwanza, na inabidi vitabu vitatu visomwe kwa mfuatano ili kuona ilipotelea wapi.